Pikapu Yenye Haiba na Mizigo ya Ukoo

Pikapu ni gari dogo la mizigo ambalo sehemu yake ya mbele, yenye viti na usukani, humilikiwa na mtu aliyelinunua, na sehemu yake ya nyuma, iliyo wazi na yenye kuta fupi za bati, humilikiwa na ukoo mzima, majirani wa pande nne na kamati ya mazishi ya mtaa. Mgawanyo huu wa umiliki haumo katika kadi ya gari wala hautozwi ushuru bandarini, lakini ndio unaoeleza kwa nini mnunuzi anayeanza kwa kuuliza gari lina nguvu kiasi gani za kukokota huishia kuuliza, miezi michache baadaye, kama kuna njia ya heshima ya kuliegesha mahali lisipoonekana kutoka barabarani. Uchunguzi unaofuata unamhusu mnunuzi huyo: mkaaji wa mji wa pwani, tuseme Dar es Salaam au Tanga, mwenye boti ndogo ya faiba au tela la mifugo la kukokota mwisho wa juma, mwenye watoto wa kupeleka shule siku za kazi, na mwenye moyo usioridhika na gari la kawaida kwa sababu unataka gari lenye haiba.

Haiba, kwa maana itakayotumika hapa, ni jumla ya kasoro za gari ambazo mwenye gari amekwisha kuzikariri na kuanza kuzisimulia kwa fahari. Mlango wa abiria unaofunguka kwa kuinuliwa kwanza na kuvutwa baadaye ni haiba. Gia ya pili isiyoingia asubuhi mpaka iombwe kupitia ya tatu ni haiba. Na honi inayolia yenyewe gari linapokata kona ya kushoto ni haiba ya daraja la juu, kwa kuwa inawalazimu wakazi wote wa upande huo kuitikia salamu. Gari lililotoka dukani jana halina sifa hiyo, kwani badala yake lina dhamana ya kiwanda, na tofauti kati ya vitu hivyo viwili ni kwamba dhamana huisha baada ya miaka kadhaa ilhali haiba huongezeka kila mwaka bila malipo ya ziada, isipokuwa yale ya fundi.

Katika Kenya ya miaka ya 1980 haiba ilikuwa na sura ya Peugeot. Gari aina ya 404 lilikuwa limekwisha kushinda mashindano ya Safari Rally mara nne, mwaka 1963 na kisha mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, na mrithi wake, 504, akaongeza ushindi wa 1975 na 1978. Ingawa magari yaliyoshinda hayakuwa pikapu, kila mwenye pikapu ya 504 alizungumzia ushindi huo kwa utulivu wa mtu aliyekuwa amekaa kiti cha pembeni akisoma ramani. Magari hayo yaliunganishwa Mombasa kwa miaka mingi, na pikapu zake, zikiwekewa paa na mabenchi mawili ya kutazamana, zikawa matatu za vijijini zilizobeba watu, kuku na magunia kwa nauli zisizotofautiana sana. Shida ya mnunuzi wa leo ni spea, kwa sababu utengenezaji ulikoma zamani, na aliyebaki na 504 barabarani huzipata hasa kwa kuhudhuria misiba ya 504 nyingine.

Land Rover ina haiba ya aina tofauti, ya kimisionari na kiserikali. Ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, wakati Uingereza ikiwa na uhaba wa chuma uliotokana na vita, na ndiyo maana bodi yake ikaundwa kwa aloi ya alumini, jambo ambalo wenye gari hilo hulitaja kila wanapoulizwa kuhusu kutu. Kinachorukwa katika maelezo hayo ni kwamba alumini inapogusana na chuma mbele ya maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, kwa hiyo Land Rover iliyozeekea Tanga au Mombasa, pale ambapo vyuma hivyo viwili vinakutana, hugeuka polepole kuwa unga mweupe ambao mwenyewe huupangusa kwa kitambaa na kuuita vumbi. Toleo la 109, lililopewa jina kutokana na inchi zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, hukokota vizuri na hupanda karibu kila kitu, ila kwa mwendo unaompa dereva nafasi ya kusalimiana na waenda kwa miguu na kuwaulizia hali za nyumbani. Oktoba 2024 jiji la Arusha lilifanya tamasha la Land Rover lililokusanya magari hayo kwa mamia, na ni vigumu kufikiria mahali pengine ambapo siku hiyo mtu angepata ushauri mwingi zaidi wa ufundi bila kuuomba. Mwenye Land Rover aliyelelewa vizuri husafiri na kipande cha boksi, ambacho hukitandika chini ya injini anapoegesha kwa wakwe, kwa sababu tone la oili juu ya vigae vya mama mkwe hukumbukwa kwa muda mrefu kuliko mahari.

Toyota Hilux, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1968, ndiyo pikapu ambayo dunia imeitesa zaidi kwa makusudi. Mwaka 2003 watangazaji wa Top Gear, kipindi cha televisheni cha Uingereza, waliiacha Hilux kuukuu ya dizeli izame katika maji ya bahari yanayojaa, wakaitia moto, wakaipandisha juu ya jengo lililobomolewa kwa baruti, na bado ikawaka kwa msaada wa fundi mwenye zana za kawaida. Na miaka kumi na sita kabla ya hapo, mwaka 1987, wapiganaji wa Chad walilishinda jeshi la Libya lenye vifaru wakiwa juu ya pikapu za Toyota, hata mapigano hayo yakaitwa vita vya Toyota. Pamoja na ukali wake, majaribio yote hayo yana pengo moja la kitaalamu, nalo ni kwamba hakuna hata moja ambamo gari liliazimwa kwa shemeji kwa siku nzima.

Juu kabisa ya ngazi ya pikapu zipo Land Cruiser za mfululizo wa 70, ulioanza mwaka 1984, na hasa pikapu yake yenye injini ya 1HZ: silinda sita, lita 4.2, dizeli isiyo na tabo, yaani isiyo na kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini, na kwa hiyo yenye kitu kimoja pungufu cha kuharibika. Kwa kukokota haina mshindani, na mjadala ungekoma hapo kama isingeuzwa kwa bei ya kiwanja chenye hati. Chini kabisa ya ngazi ipo Suzuki Carry, ambayo Watanzania huiita Kirikuu, na ambayo injini yake imefichwa chini ya kiti ili dereva ajue joto lake bila kutazama geji. Sheria za Japani huyataka magari madogo ya daraja hilo yasiwe na injini inayozidi sentimita za ujazo 660 wala yasibebe zaidi ya kilo 350; sheria hizo hazijafika Mbagala, ambako Kirikuu huhamisha nyumba nzima kwa safari moja, kitanda kikiwa chini, friji likiwa juu, na mwenye nyumba akiwa amelikumbatia friji.

Mnunuzi akishachagua aina hukutana na dalali, mtu wa kati anayemuunganisha muuzaji na mnunuzi na ambaye hulipwa na mmoja wao au, mambo yakienda vizuri, na wote wawili. Dalali hasemi uongo. Husema kweli zilizochaguliwa kwa uangalifu. Husema kwamba gari halidai kitu, na hilo ni sahihi kwa umbali wote uliopo kati ya mwembe lilipoegeshwa na geti. Husema kwamba injini haijawahi kufunguliwa, habari ambayo kwa injini inayotoa moshi tangu mwaka juzi si sifa bali ni shtaka. Husema kwamba lilikuwa la Mzungu, na kama pikapu zote zinazotangazwa hivyo zingehesabiwa, mtafiti angelazimika kukisia kwamba kila Mzungu aliyewahi kuishi Masaki alikuwa na pikapu saba na hakuzitoa nje isipokuwa siku za Jumapili, polepole, kwenda kununua mkate.

Silaha ya mnunuzi ni moshi, kwa kuwa moshi haulipwi kamisheni. Mweusi humaanisha kwamba dizeli inayoingia ni nyingi kuliko hewa ya kuiunguza. Wa bluu humaanisha kwamba oili ya injini inaungua pamoja na mafuta. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto huashiria mara nyingi kwamba maji ya radieta yamepata njia ya kuingia ndani ya silinda. Kisha hufunguliwa kifuniko cha oili injini ikiwa inawaka, na ikionekana kwamba inapumua, yaani inatoa hewa na moshi kwa mapigo, basi ringi za pistoni zimechakaa na bei inapaswa kuchakaa nazo. Dalali mzoefu anayajua haya yote na amejiandaa. Atasema kwamba moshi mweusi ni dalili ya nguvu, wa bluu ni kwa sababu oili ni mpya, na mweupe ni baridi ya asubuhi, hata kama mazungumzo yanafanyika saa nane mchana pale Kariakoo na yeye mwenyewe anajipepea kwa kadi ya gari. Mnunuzi mwenye busara huja na fundi wake. Mnunuzi mwenye busara zaidi huhakikisha kwanza kwamba fundi huyo na dalali hawaitani kwa majina ya utani.

Hilux za zamani zenye injini za dizeli za 2L, 3L na 5L zinapendwa na mafundi kwa sababu pampu zake za mafuta ni za kimitambo na huvumilia mengi, ilhali injini mpya hupuliza dizeli kwa mgandamizo unaozidi mara elfu moja ule wa hewa ya kawaida, kupitia nozeli zenye matundu membamba mno, na mafuta yaliyochakachuliwa kwa kuchanganywa na mafuta ya taa huziua mapema. Kuhusu kabini hakuna mengi: yenye mstari mmoja wa viti huacha sanduku la nyuma lenye urefu wa zaidi ya mita mbili, yenye mistari miwili huliacha na mita moja na nusu hivi, na familia hujaza nafasi yoyote inayopewa.

Pikapu nyingi za kawaida hukadiriwa kubeba tani moja. Kiasi hicho ni sawa na mifuko 20 ya saruji ya kilo 50, au maji ya tangi la lita 1000, au magunia 10 ya mahindi yenye kilo 100 kila moja, na kwa saruji na maji hesabu hukubali. Kwa mahindi huharibika, kwa sababu ya lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake na kushonewa kilemba juu, ambalo Serikali imelipiga marufuku mara nyingi kiasi cha kulifanya lijulikane na kila mtu. Kwa mchanga hesabu hufa kabisa. Mita moja ya ujazo ya mchanga hukaribia au kupita tani moja na nusu, na mvua ikiulowesha uzito huongezeka, lakini jirani anayejenga haombi tani. Huomba mchanga kidogo tu, wa kumalizia, na jinsi anavyotamka neno kidogo humfanya anayekataa aonekane adui wa maendeleo. Gari lililopakiwa hivyo hukaa chini nyuma na kuinuka mbele, usukani huwa mwepesi kwa kuwa magurudumu ya mbele yanakaribia kuaga ardhi, na usiku taa zake humulika kunguru waliolala juu ya mikungu badala ya mashimo ya barabarani.

Kukokota ni elimu nyingine. Kiungo cha kukokotea, ambacho mafundi hukiita tobari, ni chuma kinachofungwa kwenye chesisi chini ya bampa la nyuma, chenye kichwa cha mviringo ambacho kwa kawaida kina kipenyo cha milimita 50, na kichwa hicho huingia ndani ya kikombe kilichopo kwenye mkono wa tela. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba karibu sehemu ya kumi ya uzito wa tela na shehena yake iegemee kichwa hicho; ikiegemea kidogo mno, tela huanza kuyumba kushoto na kulia, kuyumba huko hukua kadiri mwendo unavyoongezeka, na dereva anayekanyaga breki kwa hofu hulipa tela nafasi ya kuja mbele kuona kinachoendelea. Kwa saruji kanuni hii ni rahisi, maana mfuko wa saruji hukaa ulipowekwa. Mbuzi hawaitambui. Wanatoka mnadani wakiwa wamepangwa kisayansi, wengi mbele na wachache nyuma, na kabla ya kufika Chalinze mmoja ameona jambo la kumvutia upande wa mkia, wenzake wamekwenda kuthibitisha, na mkono wa tela umeanza kuinua makalio ya pikapu. Jibu la tatizo hili ni ukuta wa mbao katikati ya tela. Watu wengi huliona baada ya safari ya kwanza.

Nchi za Ulaya humruhusu dereva wa kawaida kukokota tela lisilo na breki zake lenyewe ikiwa uzito wake hauzidi kilo 750. Tela nyingi za mitaani Afrika Mashariki huundwa na mafundi wa kuchomelea kutokana na ekseli ya gari lililokufa, na katika ufufuo huo magurudumu huamka lakini breki haziamki, kwa hiyo kusimama huwa ni kazi ya pikapu peke yake. Madereva wa malori wanaoteremka Kitonga, mkoani Iringa, wana kanuni ya kale kwamba mlima hushukwa kwa gia ile ile uliopandiwa, ili injini ibebe sehemu ya kazi ya breki zisije zikapata moto na kulegea, na hakuna mwenye pikapu na tela ambaye ni mwerevu kiasi cha kutoihitaji kanuni hiyo.

Hata hivyo mateso makuu ya tela hayako mlimani. Yako pale linapotakiwa kurudi nyuma. Usukani ukizungushwa kulia, tela huenda kushoto, na likiwa fupi huenda huko kwa haraka inayomshangaza aliyelielekeza, mpaka pikapu na tela zinatazamana kwa pembe ya ugomvi. Jambo hili lingeweza kufundishika kwa mtu aliye peke yake kwenye uwanja mtupu, lakini hakuna mtu aliyewahi kurudisha tela nyuma akiwa peke yake, kwa kuwa sauti ya kwanza ya gia ya rivasi huita wasaidizi kutoka vibarazani. Mmoja husimama nyuma kushoto akisema njoo, njoo, njoo. Wa pili husimama kulia akisema kata, kata yote. Wa tatu, anayemtazama dereva uso kwa uso, husema kushoto akimaanisha kushoto kwake. Wote watatu hunyamaza kwa pamoja sekunde moja kabla ya tela kugusa ukuta, na hapo husikika sauti ya nne, ya mzee aliyekuwa akinywa kahawa, ikisema kwamba yeye tangu mwanzo aliona.

Boti huongeza bahari katika hesabu hii. Anayetaka kuishusha pwani ya Kunduchi au Bagamoyo hurudisha pikapu na tela juu ya mchanga mpaka maji yaifikie boti, na kwa hiyo hulazimika kuielewa bahari kidogo. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, takriban saa sita kutoka kupwa hadi kujaa, na wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpya na mwezi mpevu ambapo maji hujaa na kutoka kupita kawaida, tofauti kati ya kina cha chini na cha juu katika pwani hii hufikia karibu mita nne. Mchanga ulioachwa na maji huonekana mgumu, na kwa mguu wa mtu ni mgumu kweli. Chini ya magurudumu ya nyuma ya pikapu yenye boti nyuma yake hulainika, magurudumu huzunguka mahali pamoja na kujichimbia, na dereva hukanyaga mafuta zaidi kwa imani kwamba shimo lina mwisho.

Hapo ndipo fowili, yaani mfumo wa kupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu yote manne, huonyesha haiba yake. Katika pikapu nyingi za zamani haitoshi kuvuta kigingi cha fowili ndani ya kabini, kwa sababu habu za magurudumu ya mbele, vile vitasa vya duara vilivyo katikati ya ringi, lazima zifungwe kwa mkono kutoka nje, na mmiliki aliyevuta kigingi kwa majivuno mbele ya wakwe zake hugundua jambo hilo wakati habu tayari zipo chini ya maji. Akishaziinamia na kuzifunga, suruali ikiwa imelowa hadi kiunoni, bado atalazimika kupunguza upepo wa matairi ili yatandazike juu ya mchanga, na upepo huo hautarudi wenyewe, wala pampu haikuja. Wavuvi waliokaa kivulini wakishona nyavu wameyaona yote tangu mwanzo, wala hawana haraka. Wao ni watu wakarimu na watasukuma, lakini kazi ni kazi, na bei wanayoitaja wakati maji yakiwa kwenye ringi si bei wanayoitaja yakifika mlangoni. Kwa kuwa maji ya bamvua hayajadiliani, mazungumzo huwa mafupi kuliko yale ya dalali na mara nyingi ya haki zaidi. Pikapu ikishatoka huoshwa kwa maji baridi chini na juu siku hiyo hiyo, kwani chumvi iliyobaki ndani ya chesisi hufanya kazi usiku na mchana bila likizo. Wanaoahirisha mpaka Jumamosi hukutana baadaye na mpaka rangi, ambaye huziba matundu kwa puti na kuyapaka rangi inayokaribiana na ile ya gari.

Matumizi ya kila siku yana misukosuko midogo zaidi lakini mingi zaidi. Springi za nyuma za pikapu ni majani ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine ili yabebe tani moja, na yasipobeba kitu hayainami, yanarusha. Watoto wanaopelekwa shule kwa pikapu tupu huruka kila tuta kwa furaha, mama yao huruka bila furaha, na trei ya mayai iliyonunuliwa njiani huwasili ikiwa tayari kwa kukaangwa. Dawa ya kienyeji ni kubeba mifuko miwili mitatu ya mchanga nyuma ili kulituliza gari, dawa ambayo huwa nzuri mpaka jirani anayejenga aione.

Jumamosi ni siku ya harusi. Katika Dar es Salaam msafara wa harusi unaojiheshimu hutanguliwa na matarumbeta, kikundi cha wapiga tarumbeta na ngoma ambacho hakitembei kwa miguu wala hakipandi gari lenye paa, na kwa hiyo kila pikapu iliyoegeshwa mtaani ni jukwaa linalosubiri mwaliko. Mwenye gari huambiwa kwamba ni dakika ishirini tu. Huendesha kwa mwendo wa konokono kutoka saluni hadi ukumbini, gia ya kwanza, mguu juu ya klachi, joto la injini likipanda, mpiga ngoma akiwa amesimama juu ya paa la kabini, na mpiga picha wa video akining'inia ubavuni huku akimwamuru asimame, arudi, apite tena. Klachi iliyokusudiwa kukokota boti kwa miaka mitano huisha katika harusi tatu. Msiba nao huja bila tarehe, ukihitaji viti vya plastiki, maturubai, masufuria makubwa na kuni, na hapo hakuna anayeomba wala anayekataa. Pikapu hupelekwa, mwenyewe akiwa usukanini, na kwa hilo hata mwandishi wa mistari hii mwenye ulimi mkali hana la kulalamika.

Tobari nayo, ikishaonekana, huwa tangazo. Magari yote mabovu ya mtaa huanza kuzimika karibu na nyumba hiyo, na mwenye pikapu hutolewa chakulani avute gari la jirani hadi gereji kwa kamba ya katani iliyokuwa ikifungia mbuzi. Inafaa aliye nyuma ajue mapema kwamba injini ikizimwa breki huwa ngumu na usukani huwa mzito, kwa sababu vyote viwili hutegemea injini kupata wepesi, na kwamba gari la gia za otomatiki halivutwi huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini, kwani gia boksi huzunguka bila kulainishwa na kujiunguza. Maelezo hayo huchukua dakika tano na kwa kawaida hutolewa baada ya kamba kukatika.

Ikiwa pamoja na hayo yote mtu bado anataka kununua, hukumu ya uchunguzi huu ni kwamba anayekokota zaidi ya tani mbili mara kwa mara atafute Land Cruiser na akubali kuishi na deni, na mwingine yeyote achukue Hilux ya kabini moja yenye dizeli ya zamani, kwa sababu spea zake hupatikana mpaka kwenye duka linalouza pia sabuni na daftari, na fundi wa njia panda yoyote kati ya Lindi na Kigoma ameshaifungua moja. Haiba isimsumbue, mtaa utaiongeza. Mwenye mapenzi ya kweli na Land Rover hasikii ushauri wowote, na haifai kumpotezea muda.

Lililobaki ni suala la maandishi ya nyuma. Wenye pikapu wengi humwita mchoraji aandike maneno kwenye mlango wa sanduku, na ingawa zamani yalikuwa maneno ya dini, ya mapenzi au ya kuwasema wenye wivu, siku hizi wapo wanaoandikisha neno moja tu, kwa herufi kubwa nyekundu: HAIAZIMWI. Tangazo hilo lina nguvu kwa muda wa wiki mbili hivi, mpaka shemeji alisome vizuri. Hapo huja jioni, hukaa, hunywa chai, husifu rangi ya herufi, na kueleza kwamba yeye hakuja kuazima gari, Mungu apishe mbali, ila alitaka tu apelekewe magunia yake Kibaha kesho alfajiri. Na katika mpango huo dereva, utingo na mafuta yote hutoka upande mmoja wa familia.